Mwanga wa Saa Saba Mchana

Kila kitabu cha upigaji picha nilichowahi kukifungua kina nasaha ileile: toka alfajiri, au ngoja jua likaribie kutua. Nuru ya saa hizo ni laini, ina rangi ya dhahabu, na kila kitu hupendeza ndani yake. Ni nasaha njema kwa mtu mwenye wakati wake. Mimi nilikuwa karani wa duka la pembejeo za kilimo mjini Nakuru. Asubuhi nilihesabu mifuko ya mbolea, jioni nilifunga hesabu za siku. Jumamosi ndiyo tuliyofunga mapema, saa saba mchana, na Jumapili ibada ilimalizika jua likiwa limeshapanda. Uraibu wangu wa kamera ukabaki na zile saa ambazo wataalamu wanakushauri ukae ndani, ule, ulale.

Na jua la Nakuru saa hizo si la mzaha. Mji uko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45, iliyo mbali mashariki mwetu, hivyo hapa jua hufika utosini yapata saa sita na nusu, si saa sita kamili. Nilipotoka dukani lilikuwa bado halijashuka. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, mtu aliyesimama wima saa hiyo anakikanyaga kivuli chake. Ukimpiga picha, macho yanakuwa mashimo meusi chini ya paji la uso, mabati ya paa yanageuka weupe mtupu, na miinuko ya Mau nyuma yake inafifia kwenye vumbi.

Lakini picha za ridhaa zina uhuru ambao mpiga picha wa harusi hana. Hakuna mama wa bibi harusi anayekungoja mlangoni. Unaweza kutumia alasiri nzima kujaribu jambo ambalo hakuna mtu angelilipia, ukarudi nyumbani mikono mitupu na usiwe na deni kwa yeyote. Miaka niliyokaa na kamera imenipa msimamo mmoja: mbinu ya ubunifu huwa na maana pale inapojibu jambo ambalo mahali penyewe pamekuletea. Ikibandikwa juu ya picha kama pambo, huchosha upesi. Nieleze nilivyofika hapo, maana huenda nawe una saa saba yako.

Kamera niliinunua mtumba kutoka kwa mzee mwenye studio ndogo, si mbali na stendi ya matatu. Enzi zake foleni ya waliotaka picha za pasipoti na za familia ilifika nje. Nilipomjua, simu zilikuwa zimemla sehemu kubwa ya kazi, na alikuwa na nafasi ya kuongea.

"Mzee, mchana picha hazitoki," nilimwambia.

"Zinatoka. Wewe ndiye unataka zifanane na za asubuhi."

"Sasa nifanyeje?"

"Wacha kutafuta sura, tafuta kivuli. Mchana kivuli ndicho chenye picha. Mtu ni msaidizi wake tu."

Kisha akatoa daftari kuukuu la shule. Humo, kwa mwandiko mdogo, alikuwa ameandika habari za kila roli ya filamu: saa, hali ya mawingu, kasi ya shata, na neno moja la hukumu. Sawa. Giza. Rudia. Roli ilikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa pesa, kwa hiyo hakubahatisha. Akanishauri nibadilishe jambo moja tu kwa kila safari. "Ukibadilisha matatu, picha ikikubali hutajua ni lipi limeikubalisha." Kamera za siku hizi huandika zenyewe kasi ya shata na tundu la lenzi ndani ya faili la picha. Kile ambacho haziandiki ni nilikuwa natafuta nini. Hilo mpaka leo naliandika kwa kalamu.

Nilianza na kivuli, kama nilivyoelekezwa, na nilianzia mahali nilipopafahamu: vitalu vya miche. Wakulima wengi waliokuja dukani walinunua neti nyeusi ya kivuli, ile inayotandazwa juu ya miche ya kabichi na sukuma wiki ili isiunguzwe. Nikaomba ruhusa kwa mama mmoja mwenye kitalu pembezoni mwa mji. Chini ya neti yake, jua la mchana ambalo nje lilikuwa adui lilichujwa likawa vitone na mistari iliyotambaa juu ya trei, juu ya mikono yake, juu ya udongo uliotoka kumwagiliwa. Nilipima mwanga kwenye sehemu angavu tu na kuyaacha mengine yote yazame kwenye giza. Mwenye simu anafanya hivyohivyo: anagusa sehemu angavu kwenye kioo, kisha anashusha mwanga kwa kidole. Mama yule alitazama picha, akacheka. "Mbona umenivalisha madoadoa kama chui?"

Kutoka hapo nikapanda juu. Sokoni, ukisimama chini mchana, unaona vurugu na nyuso zilizokunjwa. Ukipanda ghorofani, kwa idhini ya mlinzi wa jengo, jua la utosini linakusaidia, kwa sababu linafuta vivuli virefu ambavyo vingeyakatakata maumbo. Miavuli inakuwa duara, beseni za nyanya zinakuwa duara ndogo nyekundu, mikokoteni inakuwa mistatili inayopenya katikati. Niliacha kupiga picha ya soko na kuanza kupiga picha ya maumbo yaliyomo sokoni. Mwanga wa asubuhi usingenipa hiyo.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba ardhi nayo hutoa mwanga. Karibu na Ziwa Elmenteita, upande wa Gilgil, kuna Kariandusi, mahali ambapo kundi la Louis Leakey lilivumbua zana za mawe za kale mwaka 1928. Jirani yake kuna machimbo ya diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi uliotokana na mabaki ya viumbe wadogo wa majini waliozama chini ya ziwa la zamani. Ukisimama kwenye ardhi nyeupe kiasi kile saa saba mchana, jua linakupiga kutoka juu na ardhi inalirudisha kutoka chini. Yale mashimo meusi ya macho yanatoweka. Wapiga picha wa studio hununua vitambaa vya kurudisha mwanga, kumbe hapa kilima kizima kinaifanya kazi hiyo bure. Baadaye niligundua kwamba ukuta uliopakwa chokaa, mchanga mkavu wa mto, hata gunia jeupe la unga lililofunguliwa na kutandazwa, vyote vinasaidia kwa kiasi chake.

Weupe ule wa Kariandusi ulinikumbusha pia kwamba maziwa ya Bonde la Ufa hayajawahi kutulia. Yamepanda na kushuka kwa maelfu ya miaka, na sisi tumeyaona yakipanda. Tangu takriban mwaka 2010, Ziwa Nakuru limekuwa likimeza kingo zake. Kutoka kilomita za mraba karibu 40, lilitanda hadi zaidi ya 60 kufikia mwaka 2020. Lango kuu la zamani la Hifadhi ya Ziwa Nakuru lilifunikwa na maji, na familia katika mitaa inayopakana na ziwa zikahama. Maji yalipoongezeka magadi yalipungua nguvu, na mwani ambao heroe hula ukapungua pamoja nayo. Makundi makubwa ya heroe, wale ambao wengi wetu huwaita flamingo, yalihamia kwa wingi Ziwa Bogoria. Picha maarufu ya Nakuru, ule utepe wa waridi ukingoni mwa ziwa uliochapishwa kwenye kadi za posta miaka nenda miaka rudi, ikawa ngumu kuipata.

Kilichobaki ni migunga. Miti ile ya magome ya manjano iliyokuwa imesimama ufukweni ilijikuta ndani ya maji, ikafa imesimama. Mchana ilionekana vibaya kwenye picha: vijiti vya kijivu, maji yenye mawimbi madogo yanayometameta kila upande, fujo tupu. Nikajiuliza ni nini hasa nilichotaka kuonyesha. Jibu lilikuwa kwamba miti haisogei na maji yanasogea. Basi nilihitaji shata ibaki wazi muda mrefu, ili mti uandikwe na wimbi lifutike. Lakini kwenye jua la saa saba, ISO 100, tundu la f/11, kamera inataka takriban sehemu moja ya 250 ya sekunde. Ukiiacha wazi zaidi unapata karatasi nyeupe. Wenye uwezo hununua kichujio cheusi cha kuweka mbele ya lenzi.

Mimi nilikwenda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Kioo cha barakoa yao, kile kipande cha mstatili chenye rangi ya kijani kibichi, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ya chakula cha mchana. Namba 10 hupitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya elfu kadhaa. Nilikifunga mbele ya lenzi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, baada ya kuweka fokasi na kuifungia hapo, kwa maana kioo kikishakaa kamera haioni kitu. Ile sehemu ya 250 ya sekunde ikawa karibu nusu dakika. Maji yakalainika, mawingu yakavutika, migunga ikabaki imesimama peke yake na mwari mmoja juu ya tawi akiwa kivuli chenye ukungu kwa sababu alijikuna. Picha nzima ilikuwa ya kijani, kama chupa ya soda. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe, na rangi ile haikuwa na pa kukaa tena.

Nilipoona ile picha nilielewa kitu kuhusu watu wa Naivasha niliokuwa nikisikia habari zao. Alan Root na mkewe Joan, waliokuwa na makazi kando ya Ziwa Naivasha, walitengeneza filamu za wanyama kwa kubuni vifaa na njia zao wenyewe. Katika miaka ya 1970 walirusha puto la hewa moto ili wapige nyanda kutoka juu bila kelele za injini ya ndege, na mwaka 1978 ikatoka filamu yao juu ya kichuguu cha mchwa, iliyoonyesha maisha ya ndani ya kichuguu chenyewe. Wao walikuwa mabingwa na mimi karani. Hata hivyo mwenendo wa akili ni mmoja: kwanza ujue unataka kuona nini, halafu utafute au utengeneze chombo. Wengi wetu tunaanza na chombo.

Vumbi lilinifundisha mengine. Mtu wa Nakuru hana haja ya kusimuliwa vumbi. Lipo kwenye rafu, kwenye pazia, kwenye chai. Kiangazi linafuta mandhari yote ya mbali. Mwaka 2021 mbio za magari za Safari Rally zilirudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, zikawa na makao Naivasha na kupita Kedong, Soysambu na mahali panapoitwa Sleeping Warrior, ule mlima wa Elmenteita unaofanana na mtu aliyelala chali. Madereva wa kigeni waliliogopa vumbi letu laini la volkeno, fesh-fesh, linalomeza magurudumu na kuziba macho. Sisi watazamaji tulifunikwa nalo tukawa rangi moja.

Ukipiga gari la mbio kwa shata ya haraka sana, unapata gari lililosimama. Ni kweli limechongeka vizuri, hadi majina ya wadhamini yanasomeka, lakini linaweza kuwa limeegeshwa. Njia nyingine ni kupunguza kasi hadi sehemu ya 30 ya sekunde au chini yake, na kuigeuza kamera sambamba na gari linapopita. Miguu inasimama imara, kiuno ndicho kinachozunguka, na unaanza kulifuata gari kabla ya kubonyeza na kuendelea kulifuata baada ya kubonyeza. Gari linabaki na sura, nyuma yake inakuwa mistari. Nilifanya mazoezi kwa muda mrefu kando ya barabara, walimu wangu wakiwa bodaboda, na kwenye Hifadhi ya Hell's Gate, ambako wageni wanaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Siku ya mbio nilizunguka hadi jua likawa mbele yangu, nyuma ya vumbi. Vumbi lililokuwa likinifutia mandhari likawaka, na gari likatoka ndani yake.

Katika miaka ya 1950 mpiga picha wa Austria, Ernst Haas, alitumia shata ya polepole na filamu ya rangi kupiga picha za mapigano ya fahali huko Hispania. Picha zile zilionyesha mwendo wenyewe, mpaka mnyama na mtu wakawa mawimbi ya rangi. Alikuwa anatafuta namna ya kusema "hili linakwenda" kwenye karatasi isiyokwenda. Ukijua alichokuwa anakitafuta, unaweza kuichukua mbinu yake ukaipeleka Soysambu. Ukichukua mistari yake peke yake, utapata picha iliyotikisika.

Kati ya majaribio yangu yote, ninalolipenda zaidi halikutumia kamera kabisa. Rafiki yangu anayefundisha kemia katika shule ya upili alinionyesha picha za bluu. Njia hiyo iligunduliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa Uingereza, Anna Atkins, akaanza kuitumia kutengeneza kitabu cha mimea ya baharini, akiweka mmea wenyewe juu ya karatasi na kuliacha jua limchoree. Unachanganya miyeyusho miwili ya chumvi za chuma, unaipaka kwenye karatasi nene ya kuchorea ndani ya chumba chenye giza, unaiacha ikauke. Kisha unalaza kitu juu yake, unakifunika kwa kioo cha dirisha, unakitoa nje. Vyombo vyake visirudi jikoni, na mikono ioshwe vizuri. Palipopigwa na jua panabadilika, palipofunikwa panabaki. Ukiosha kwa maji, palipofunikwa panakuwa peupe na pengine pote panakuwa bluu iliyokolea.

Sasa fikiria mbinu hiyo inataka nini: miale mikali ya jua, kutoka juu, anga likiwa wazi. Huko Uingereza walingoja siku njema. Sisi tunayo kila Jumamosi saa saba. Dakika chache tu uani na karatasi ilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza mwanga wangu mbaya ulikuwa ndio bora.

Nilichokilaza juu ya karatasi kilitoka dukani. Wakulima huja na ugonjwa mkononi: jani la mahindi lililotobolewa, kikonyo cha nyanya kilichonyauka, gugu lisilosikia dawa, na swali lao ni, "Hii nitaipiga na nini?" Tangu mwaka 2017, viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini, majani ya mahindi yaliyoliwa ndiyo tuliyoletewa kuliko kitu kingine. Nilianza kuyahifadhi ndani ya kitabu kizito. Kiwavi mchanga hatoboi jani, hulikwangua upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Akikua ndipo hutoboa. Kwenye karatasi ya bluu jani zima lilitoka jeupe, makwanguo ya kiwavi mchanga yakatoka samawati hafifu, na matundu ya kiwavi mkubwa yakatoka bluu nzito. Umri wa mdudu ulikuwa umejiandika wenyewe, hatua kwa hatua, kwenye jani moja.

Nilibandika karatasi hiyo ukutani nyuma ya kaunta kwa sababu ilinipendeza. Wakulima ndio walioipa kazi. Mzee mmoja kutoka upande wa Rongai aliitazama, akaweka kidole kwenye samawati hafifu, akasema, "Yangu yako hapa." Hakuwa ameleta jani siku hiyo, lakini tulielewana mara moja: viwavi bado wachanga, dawa bado ingeweza kuwafikia kabla hawajajificha ndani ya moyo wa mhindi. Baada yake wengine wakaanza kuonyesha kwa kidole. Nikaongeza gugu la kishona nguo, nikaongeza jani la nyanya lenye mchoro wa mdudu anayetambaa ndani ya jani. Sikuwahi kupanga kwamba burudani yangu ingesaidia kazi yangu. Ilitokea kwa sababu nilitumia kile nilichokuwa nacho mezani, wala sikusafiri kwenda kutafuta ua la ajabu.

Usiku nao una somo lake, fupi. Vitabu vingi vya picha za nyota vinaonyesha duara kamili zinazozunguka nukta moja juu angani, shata ikiwa imeachwa wazi kwa muda mrefu dunia inapojizungusha. Sisi tuliokaa karibu na ikweta hatuipati picha hiyo. Nukta hizo mbili ambazo anga huonekana kuzizunguka, ya kaskazini na ya kusini, ziko kwetu kwenye upeo wa macho. Tulipopanda ukingo wa Menengai tukiwa kundi, pamoja na mwenyeji wa eneo hilo, tukielekeza kamera mashariki, nyota zilipanda wima, mistari iliyonyooka juu ya shimo lile la volkeno lenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8, huku mvuke wa visima vya jotoardhi ukimulikwa na taa chini. Ukigeukia kaskazini au kusini unapata nusu duara, kama upinde uliosimikwa ardhini. Baadhi ya wenzangu walisikitika kukosa duara. Mimi niliona tumepata picha ambayo mtu wa London hawezi kuipiga akiwa kwake.

Kuna mipaka, na ubunifu hauiondoi. Kumrushia heroe jiwe au kupiga kelele ili kundi liruke, kwa ajili ya picha ya mabawa, ni kumla ndege nguvu alizozikusanya kwa siku nzima ya kuchuja mwani. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru unashuka garini pale tu panaporuhusiwa, kama pale juu ya Baboon Cliff, na sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya nyati na simba, ambao hawaulizi kama wewe ni msanii. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi kibali cha ziada. Na watu si mandhari. Mama wa kitalu, mvuvi, mchuuzi, kila mmoja ana haki ya kuulizwa na haki ya kukataa. Nimeona kwamba ukimweleza mtu unachojaribu, ukamwonyesha kioo cha fundi wa kuchomelea au karatasi ya bluu, mara nyingi anakuwa mshirika na kukupa wazo usilokuwa nalo. Ukimvizia, unapata uso wa mtu aliyeviziwa. Na picha uliyoahidi kumsafishia, msafishie umpelekee. Kule kwetu ahadi ya picha isiyofika inakumbukwa kwa miaka.

Yule mzee wa studio alipenda kusema kwamba kamera ya bei haijui Nakuru. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba hata mwenye kamera haijui mpaka aishughulikie katika saa zake mbaya. Kwa wewe unayetaka kuanza, iwe kwa simu au kwa kamera ya mtumba, ushauri wangu ni huu. Chagua saa ambayo kweli unaipata kila wiki, mahali unapofika kwa miguu au kwa nauli moja ya matatu, na jambo moja la kujaribu. Liandike kwenye daftari kabla hujatoka, na uandike hukumu ukirudi. Wiki inayofuata rudi palepale, badilisha jambo moja. Picha unayoipenda itoe kwenye simu, uisafishe kwenye karatasi, uitundike mahali ambapo watu watapita na kusema lao. Lenzi ya bei inaweza kungoja mpaka ujue ni swali gani unataka ikusaidie kulijibu.